Namna ya Kupata Taarifa za Bima Uliyokatiwa na Mwajiri

Mfanyakazi wa shamba la chai Mufindi, au wa shule binafsi jijini Mbeya, anaweza kukatwa fedha za bima ya maisha kila mwezi kwa miaka mingi asiwahi kuuona mkataba wenyewe. Katika bima ya kundi, yaani mkataba mmoja unaowakinga wafanyakazi wengi, mwenye mkataba ni mwajiri, nawe ni mwanachama tu. Ndiyo maana ukienda moja kwa moja kwenye kampuni ya bima, aghalabu utarudishwa kazini kwako.

Anza na hati yako ya mshahara. Usichanganye makato: mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya si bima ya maisha, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi usiutafute humo, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri aulipe mwenyewe.

Kisha mwandikie barua afisa rasilimali watu, hata kama mnakunywa naye chai kila siku, kwani jibu la mdomo halina pa kushikia. Omba jina la kampuni, namba ya mkataba, tarehe unapoanza na kuisha, mafao, mambo yasiyolipiwa na muda wa kuwasilisha dai. Uliza pia iwapo kinga inaendelea ukiacha kazi. Kwa kawaida hukoma ajira inapokoma.

Omba na nakala ya fomu ya wanufaika, yaani watakaolipwa ukifariki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Hujazwa siku ya kuajiriwa, pengine juu ya goti, na kijana ambaye hajaoa huandika jina la kaka yake. Miaka kumi baadaye ana mke na watoto watatu, lakini fomu bado inamtaja kaka. Ukikuta hivyo, jaza mpya, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.

Mwajiri akinyamaza, mkumbushe kwa maandishi kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Ikishindikana, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Nenda na nakala za barua zote mbili, hati za mshahara zinazoonyesha makato, na kitambulisho cha kazi.