Namna ya Kumwigiza Mhusika Mwenye Ulemavu kwa Uzito Unaostahili

Kabla ya kutafuta mwigizaji, mwongozaji ajiulize kwanza kama nafasi hiyo haimfai mtu anayeishi na ulemavu unaosimuliwa. Marlee Matlin, ambaye ni kiziwi, alitwaa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987, na Troy Kotsur, kiziwi pia, akaipata ya mwigizaji msaidizi mwaka 2022. Kwa hiyo dai la kwamba watu kama hao hawawezi kubeba filamu halina mashiko. Hapa Uganda tupo na NUDIPU, umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1987, na tangazo la usaili likipitia huko litawafikia watu ambao vinginevyo wasingelisikia kamwe. Usaili wenyewe usifanyiwe ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, na mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu mwanzo.

Nafasi ikimwangukia mwigizaji asiye na ulemavu, kazi yake ya kwanza si kujifunza kuchechemea. Asome mswada mzima, kisha aandike, kwa kila tukio, mhusika anataka nini na nani anamzuia. Chukulia mfanyabiashara anayevusha bidhaa mpakani Busia kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Akilini mwake mna bei ya mchele, ushuru, na mteja aliyechukua mali kwa mkopo akapotea. Miguu yake haimo katika mawazo hayo, maana ameishi nayo miaka yote. Mwigizaji anayeingia na huzuni ya miguu amekwisha kumpoteza mhusika kabla hajafungua mdomo. Daniel Day-Lewis, alipomwigiza Christy Brown, mchoraji na mwandishi wa Ireland aliyechora na kuandika kwa mguu wake wa kushoto, alibaki kwenye kiti cha magurudumu hata kamera zilipozimwa, na watu wengi humsifu kwa hilo. Mimi naona kwamba nguvu ya uigizaji ule, uliompatia Oscar mwaka 1990, imo zaidi katika hasira, kiburi na mapenzi ya mhusika.

Hata hivyo, mwili hauna budi kusomwa kwa makini, na mwalimu awe mtu mwenye ulemavu huo, alipwe kama fundi mwingine yeyote wa filamu. Asiyeona anayetembea kwa fimbo nyeupe huipeleka ncha yake kushoto mguu wa kulia unapotangulia, na kulia mguu wa kushoto unapofuata, ili kila hatua itue mahali palipokwisha kuchunguzwa. Mwigizaji asiyefundishwa huipungapunga hovyo, na mtazamaji asiyeona aliyeketi na jamaa anayemsimulia picha ataambiwa hivyo hivyo. Mtu anayehama kutoka kiti cha magurudumu kwenda kitandani hufunga breki, huondoa vikanyagio njiani, kisha hujiinua kwa mikono, yote kwa wepesi wa mazoea. Vitendo hivi virudiwe mpaka mwigizaji aweze kuvifanya huku akigombana na mkewe kuhusu karo.

Kwa mhusika kiziwi, itumike Lugha ya Alama ya Uganda, kwa kuwa lugha za alama hutofautiana nchi na nchi, na alama zilizookotwa katika video za Marekani zitawachekesha viziwi wa Kampala. Nyusi, macho na mdomo hubeba sehemu ya maana, hivyo mpiga picha asikate mikono wala uso nje ya fremu wakati mazungumzo yanaendelea.

Mswada ukiwa unamponya mhusika mwishoni ili hadithi ipate furaha, mwigizaji aombe mazungumzo na mwandishi mapema, kabla ya siku ya kupiga picha, kwa sababu mwisho wa namna hiyo hufuta kazi yote aliyoifanya. Filamu ikishahaririwa, ionyeshwe kwanza kwa kundi dogo la watu wenye ulemavu huo kabla muziki haujawekwa, na pale watakaposema wanaonewa huruma, tukio hilo lihaririwe upya.