Ukiomba, mwambie Mungu jambo lenyewe

Ndugu zangu wa Goma, maombi ya alfajiri mara nyingi tunayajaza sifa ndefu, halafu haja yenyewe tunaipitia mbio, kana kwamba tunaogopa kumchosha Mungu. Jaribu hivi: piga magoti, nyamaza kidogo, kisha litaje jambo waziwazi. Kodi ya nyumba pale Majengo. Homa ya mtoto. Hofu iliyobaki tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini?", na ni sala kamili. Tena yule mtoza ushuru wa Luka 18 hakuthubutu hata kuinua macho, lakini rehema aliiomba moja kwa moja, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Ukishaomba, usimpangie Mungu siku ya kujibu.