Mstari mmoja, uende nao kazini

Ndugu zangu, mkisoma Biblia asubuhi, chukueni mstari mmoja tu muende nao kazini. Mimi nauza maharage sokoni hapa Tanga. Juzi nilibeba Mithali 11:1, ule wa mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana. Kabla ya mteja wa kwanza nikakigeuza kisado changu cha kupimia: kitako kimebonyea ndani, kina cha vidole viwili. Nilikuwa najua, na kwaya naimba! Iliniuma sana. Nikanunua kingine palepale. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu (Luka 19:8); wateja wangu wa zamani sasa nawaongezea viganja viwili, na nawaambia sababu. Mstari nimeuandika ubavuni mwa kisado, upande unaonitazama mimi. Wiki ijayo nachukua Yakobo 1:19, ule wa kuwa mwepesi wa kusikia na si mwepesi wa kukasirika, kwa ajili ya wanaoomba kupunguziwa bei.