Chupa Tupu Ziache Mezani: Namna ya Kuchagua Terasi Lubumbashi

Nilihudumia watu kwenye terasi, yaani baa za nje, miaka kumi na moja, kwanza mtaa wa Kenya, halafu mtaa wa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, Kongo. Siku hizi nikitoka jioni natoka kama mteja, na wadogo zangu wananicheka kwamba nachunguza baa kama mtu aliyekwenda sokoni kununua mbuzi. Wacheke. Wao ndio wanaokula mifupa.

Ukifika, usikae kwanza. Nenda kwa mchoma michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Huwa yuko nje, karibu na mlango, na moshi wake ndio kibao chake. Muulize akuonyeshe nyama ingali mbichi, umwambie unataka mbavu au mguu, mpatane bei, halafu simama hapo hapo mpaka aikate kwenye kigogo na kuiweka motoni. Nyama inayotokea nyuma ya nyumba ikiwa imeiva tayari, mara nyingi ilichomwa mchana na kupashwa moto wewe ulipoingia: juu imekauka kama ngozi ya karindula, lile gitaa letu la ngozi, ndani baridi. Vitunguu vikatwe nyama ikiwa karibu kutoka, pilipili ikae kando. Na bukari, yaani ugali, isongwe mwisho kabisa, maana bukari iliyongoja inatoa jasho kwenye sahani na juu inafanya ngozi.

Nyama ikiwa motoni, nenda ukaone choo. Najua si vizuri kuandika habari hii karibu na mbuzi, lakini angalia kama pipa lina maji na kama sabuni ipo. Pipa likiwa tupu saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku usiulize.

Sasa tafuta kiti. Wenye baa wengi wanageuzia spika barabarani ili muziki uvute wapita njia, kwa hiyo meza za mbele zinapigwa na kelele na za nyuma zinapumua. Kaa nyuma. Ikiwa unalazimika kumshika mwenzako bega ndipo asikie, hamkuja kuongea, mmekuja kutazamana. Kelele niliyowahi kuisamehe ni ya tarehe 14 Desemba 2010, timu yetu ya mpira, Mazembe, ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi. Siku ile nilivunja glasi sita na hakuna aliyenidai.

Agiza chupa moja ya bia, Simba au Tembo, hata kama mko wanne. Ya kwanza ni ya kupima. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Ikija bila kizibo, irudishe, wala usiombe msamaha. Halafu ishike tumboni, si shingoni. Umeme ukikatika mchana kutwa, friji haifanyi miujiza, na mhudumu mwaminifu atakwambia mapema, "Papa, ya baridi imeisha, iko ya moto." Mahali pa namna hiyo kaa, hata kwa bia ya moto. Pabaya ni pale wanapofungua kwanza ndipo unagundua.

Chupa tupu zisiondolewe. Hili nalijua kutoka upande wa pili wa meza. Kulikuwa na papa mmoja, mwalimu, alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi na wenzake saba. Akimaliza chupa anaiweka chini ya kiti, anazipanga mstari kama wanafunzi asubuhi. Bosi wetu wa wakati ule alitufundisha kwamba meza ikishachangamka, chupa tupu tuziondoe "kwa ajili ya usafi", kisha kwenye hesabu tuongeze mbili, tatu. Nikakubali, kwa sababu chupa zikipungua kwenye kreti zilikuwa zinakatwa kwenye mshahara wangu. Usiku mmoja nikaziondoa za mwalimu alipokuwa anacheza. Akarudi, akainama, akatazama chini ya kiti muda mrefu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mama, batoto bangu beko wapi?" Akalipa yote, na zile tatu za uongo pia. Mwezi uliofuata ile meza ya watu wanane ilikaa tupu, na mwezi mwingine vilevile. Kwa chupa tatu.

Kwa hiyo mhudumu akija kusafisha, mwambie kwa upole, "Yaya, ziache, tutahesabu pamoja." Aliye mwaminifu atafurahi, maana zinamlinda yeye pia. Na umwite yaya, yaani dada, au mama. Kumwita kwa kupiga vidole, au "psst" kama paka, ndiyo njia ya haraka ya kuletewa kipande cha shingo.

Kabla ya chupa ya pili, uliza dola wanaihesabu faranga ngapi, si wakati wa kulipa, saa ambayo macho yamekuwa mazito. Kagua na noti zako za dola ungali nyumbani: yenye mpasuko hata mdogo kama ukucha hawaipokei, na utabaki unabishana huku wenzako wanakutazama.

Mwezi wa sita na wa saba, beba koti. Wageni wanafikiri Kongo yote ni joto, halafu usiku wa Lubumbashi unawakuta na shati la mikono mifupi. Terasi inayojali inaweka mbabula, jiko la makaa, karibu na meza. Mhudumu akikuletea mbabula bila kuombwa, mwachie kitu. Mpe mkononi, usiweke kwenye kisahani cha hesabu. Kisahani kinapita kwa bosi kwanza.