Somo: Giaboksi ya Land Rover 110 imechoka, uifufue au ununue nyingine?

Wakuu, salaam. Kila mvua zikiisha napokea ujumbe uleule: "Giaboksi yangu imekufa, nitapata wapi nyingine?" Nami huuliza kwanza: nani amekwambia imekufa, na alifungua nini kabla ya kusema hivyo? Mara nyingi jibu ni kwamba gari lilikataa kutembea, fundi akaingia uvunguni dakika 5, akatoka na hukumu.

Somo hili ni la 110 na Defender zenye giaboksi ya LT77 au R380, ambazo nimezifungua kwa mikono yangu. Mwenye 109 au Land Cruiser anaweza kufuata mpangilio wa kufikiri, ila mambo ya shafti nitakayoeleza ni ya hizi mbili.

Nianze na hasara yangu. 110 yangu ya injini ya 200Tdi ilikata mwendo kati ya Engaresero na Mto wa Mbu. Gia zinaingia, injini inanguruma, gari halisogei. Tukavutwa hadi mjini, nikaambiwa giaboksi imekwisha, nikanunua LT77 ya mtumba. Ikafungwa, ikatembea vizuri. Haukupita mwaka, ugonjwa ukarudi vilevile. Safari ya pili ndipo nilisimama mwenyewe wakati inafunguliwa, nikaona: giaboksi zote mbili zilikuwa nzima ndani. Kilichokuwa kimekufa ni meno ya mwisho wa meni shafti (shafti kuu ya giaboksi), pale inapoingia kwenye transfa, yaani boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma. Mara ya kwanza ile gia ya transfa inayovaa juu ya meno hayo ilirudishwa ileile iliyoliwa, ikaitafuna shafti niliyoinunua. Nililipia giaboksi nzima kwa sababu ya gia moja.

Hatua ya kwanza: jua una giaboksi gani

Tazama rivasi. Ikiwa ipo kushoto na mbele, jirani na namba 1, hiyo ni LT77. Ikiwa kulia na nyuma, chini ya namba 5, hiyo ni R380, iliyoanza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994 pamoja na injini ya 300Tdi. Usitegemee mwaka wa gari peke yake, maana magari haya yamebadilishwa vifaa mara nyingi. Kisha safisha ubavu wa giaboksi uandike namba iliyogongwa pale, pamoja na herufi ya mwisho. Muuza spea mzuri atakuomba namba hiyo kabla hajataja bei.

Hatua ya pili: ondoa washukiwa wasio giaboksi

Gari limekata mwendo kabisa? Ingiza difu loki ya katikati, ile inayofunga difu ya transfa, jaribu tena. Likitembea, giaboksi haina kosa. Defender huvuta kwa magurudumu manne muda wote, na difu ya transfa hupeleka nguvu kule kwenye upinzani mdogo. Ekseli ya ndani au flenji ya gurudumu ikikatika, nguvu yote inapotelea hapo na gari linasimama kama lisilo na giaboksi. Nimeshaona giaboksi ikishushwa kwa sababu ya flenji iliyokwisha meno.

Gia zinakwaruza au zinagoma kuingia? Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde 5 au 6, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii. Angalia silinda ya juu na ya chini za klachi. Angalia pia uma wa klachi: kwenye magari haya hutobolewa na ule mpira wa chuma unaoegemea, na pedali inakanyagika bila kazi.

Mlio nao una lugha yake. Gari limesimama, gia huru, mguu nje ya klachi, unasikia ngurumo, ukikanyaga inakata. Hizo ni beringi za ndani, ya shafti ya mbele au za lei shafti (shafti ya pili, inayolala sambamba na meni shafti). Mlio unaoanza pale unapokanyaga ni rilisi beringi, na hiyo ni sehemu ya klachi. Ukiwa barabarani, kelele ikiwapo kwenye gia zote ila ikipoa kwenye namba 4, elekeza kidole kwenye lei shafti, kwa sababu namba 4 hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuielemea. Kelele ya namba 5 pekee ina nafuu: gia hiyo inakaa nyuma, na inafikiwa bila kupasua giaboksi yote.

Hatua ya tatu: mwaga oili uisome

Mwaga ikiwa ya moto, kwenye beseni safi, ya giaboksi mbali na ya transfa mbali. Pitisha sumaku ya spika kuukuu ndani yake. Uji mwepesi wa kijivu ni kuchakaa kwa kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu ni pete za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia ili ziingie laini, maana yake gia zitakwaruza lakini shafti huenda bado nzuri. Vipande vyenye umbo, vyenye pembe unayoweza kuishika kwa kucha, ni meno ya gia au vipande vya beringi. Hapo usiliendeshe tena gari hilo, hata kulipeleka gereji.

Linganisha pia vipimo. LT77 hutumia ATF, ile nyekundu ambayo wengi tunaiita haidroliki, na transfa hutumia oili nzito ya gia. Ukikuta moja imepungua na nyingine imefurika, sili ya kati yao imekufa na oili zinahamiana. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini giaboksi iliyotembea miezi mingi na oili isiyo yake imeshaumia sinkronaiza.

Hatua ya nne: fungua kifuniko cha nyuma ya transfa

Hapa ndipo ningependa kila mwenye 110 asimame na mimi. Nyuma ya transfa, usawa wa giaboksi, kuna kifuniko kidogo cha mahali pa kufunga winchi. Fungua bolti zake. Oili itachuruzika kidogo tu gari likiwa sakafu tambarare. Ndani utaona mwisho wa meni shafti umevalishwa ile gia ya kupokelea ya transfa.

Zuia magurudumu kwa mawe kwanza, mbele na nyuma. Breki ya mkono ya gari hili hukamata propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), na tunahitaji propela iwe huru, kwa hiyo iachie. Injini imezimwa, gia namba 4, transfa kwenye gia ya juu. Mwenzako aitikise propela huku na huku, wewe mulika kwa tochi. Gia na shafti vinapaswa kwenda pamoja kama kitu kimoja. Ukiona gia inacheza na shafti imetulia, umeupata ugonjwa. Ukipangusa kwa kidole ukatoka na unga mwekundu kama kutu, meno hayo yamekuwa yakisagana makavu.

Sababu ya ukavu huo inajulikana. Gia za kupokelea za zamani hazikuwa na tundu la kupitisha oili kwenye meno ya shafti. Baadaye kiwanda kikaanza kutoboa tundu la pembeni, oili ya transfa ikawa inafika. Ukinunua gia hii leo, ishike mkononi utafute tundu. Kama halipo, mrudishie muuzaji. Jambo jema ni kwamba gia hiyo inatolewa na kurudishwa kupitia nyuma, bila kushusha giaboksi, mradi fundi apime upya ukazaji wa beringi zake. Shafti ikiwa bado na meno manene, kazi yako imeishia hapo.

Hatua ya tano: piga hesabu, lakini piga zote

Shafti imekwisha, au beringi zinalia. Sasa swali la kichwa cha somo lina maana.

Chukua karatasi, gawanya katikati. Upande wa kufufua andika beringi zote, sili zote, pete za sinkronaiza, meni shafti kama imeliwa, gia yake ya kupokelea, na ufundi. Upande wa kununua andika bei ya giaboksi, usafiri, na tena beringi na sili, kwa sababu giaboksi ya mtumba usiyoijua historia yake haiingii kwenye gari langu bila kufunguliwa. Watu wengi huruka mstari huu, na ndio unaogeuza hesabu.

Kuna vitu vinavyoingia pande zote mbili, kwa hiyo visikushawishi upande wowote: klachi kamili na rilisi beringi, uma wa klachi ulioimarishwa, bushi ya kwenye flaiwili, sili ya nyuma ya injini, na raba za kushikilia giaboksi. Kushusha mzigo huu ni kazi ya siku nzima na watu wawili. Kuurudisha na sili ya zamani ya injini ni kujitafutia kazi ileile baada ya miezi.

Msimamo wangu ni huu. Fufua kama hausi (ganda la giaboksi) haina ufa, viti vya beringi havijaliwa, na gia zilizovunjika hazizidi mbili. Nunua kama hausi imepasuka, au beringi imezunguka ndani ya kiti chake mpaka kimepanuka, au karatasi inaonyesha kufufua kunapita theluthi mbili ya bei ya giaboksi nzuri iliyokaguliwa. Pande mbili zikikaribiana, mimi nafufua. Giaboksi yangu najua imepita wapi.

Sharti moja linaweza kugeuza yote hayo: fundi. Shafti za giaboksi hizi zinakaa kwenye beringi za koni, na nafasi yake hupangwa kwa shimu (washa nyembamba), kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Muulize fundi wako atapimaje. Akikuonyesha saa ya kupimia, mpe kazi. Akisema atasikilizia kwa mkono, bora ununue iliyofungwa na anayepima.

Hatua ya sita: ukiamua kununua

Iwe Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, nenda na picha ya yako. Zungusha shafti ya mbele kwa mkono ukipitisha gia zote, na usikilize kokoto. Vuta na sukuma shafti. Isicheze mbele na nyuma. Chungulia meno ya mwisho wa meni shafti: yawe na uso bapa juu, si ncha kama za msumeno. Pima urefu wa hausi ya klachi, kwa kuwa ya 300Tdi na ya magari yaliyoitangulia hazilingani. Ukibeba isiyo yako utajikuta unabadilisha propela na vishikizo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nipo Karatu, 110 yangu ina LT77 na gia ya 2 inakwaruza asubuhi tu, ikipata moto inakaa sawa. Nishushe?*

Usishushe, ndugu. Kwanza mwaga oili uone rangi. Nimekuta nyingi zimewekwa oili nzito ya difu, na ikiwa baridi sinkronaiza inashindwa kuikata. Weka ATF safi, jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la usawa, tembea wiki 2. Ukikuta vumbi la dhahabu jingi kwenye ile ya zamani, anza kuweka akiba, lakini bado una muda.

*Fundi, huku Maralal tunabeba abiria na mizigo na 110 za LT77. Je, naweza kuweka R380 badala yake?*

Inawezekana. Ipo R380 yenye hausi fupi iliyotengenezwa hasa kuchukua nafasi ya LT77, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Ile 380 kwenye jina ni nguvu ya msokoto iliyokusudiwa kubeba, Nm 380, kwa hiyo kwa mizigo yenu si wazo baya. Ukipata R380 ya kawaida ya 300Tdi, zidisha gharama za kuihamishia. Na waeleze madereva wote kuwa rivasi imehama, kabla mmoja wao hajaingiza rivasi akidhani anapunguza gia.

*Oili inadondoka chini ya hausi ya klachi. Nimeambiwa giaboksi.*

Weka kartoni nyeupe usiku kucha. Doa jeusi ni sili ya nyuma ya injini. Doa jekundu ni sili ya mbele ya giaboksi. Zote zinataka giaboksi ishuke, lakini hakuna hata moja inayokulazimu kununua giaboksi.

*Mkuu, kwa nini usishauri watu waweke injini na giaboksi ya Toyota wamalize? Hapa Arusha wengi wamefanya.*

Nimeziona, na nyingine zimefungwa vizuri sana. Lakini hiyo ni kazi ya kutengeneza gari jingine: vishikizo, propela, rejeta, na namba ya injini kwenye kadi inabidi ibadilishwe kisheria. Namba ya giaboksi haimo kwenye kadi. Injini ikiwa imechoka pia, zungumza na mafundi wawili upate bei. Injini ikiwa nzima, sioni sababu ya kuitupa kwa ajili ya shafti.

*Nimefanya ile ya tochi jana jioni. Gia inacheza kama robo ya kidole, shafti imetulia, unga mwekundu upo. Kesho kutwa nina wageni wa siku 4 Natron. Nitafika?*

Usiende nalo. Meno yakishafika hapo hayatoi taarifa, yanaachia mara moja, na kule mtandao wa simu unakatika. Kodi gari la mwenzako kwa safari hii. Leo toa hiyo gia, piga picha ya meno ya shafti karibu kabisa, uiweke hapa. Tukiona bado yana uso bapa, utahitaji gia mpya yenye tundu na siku moja ya kazi.