SOMO: Mabomba yanayogonga, kuvuma na kupiga mluzi nyumbani

Wadau, habari za leo. Kila mgao wa maji ukiisha hapa Moshi, simu yangu inajaa swali lile lile: “Fundi, bomba linagonga ukutani, litapasuka?” Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Usinunue kitu kabla hujaijua kelele yenyewe. Watu wanabadilisha koki za nyumba nzima kumbe ugonjwa uko kwenye tangi.

1. Sikiliza. Kishindo kimoja, “du!”, ukifunga koki kwa haraka: maji yaliyokuwa mbioni yamezuiwa ghafla. Kukohoa na kutema: hewa. Mvumo mrefu wakati hakuna aliyefungua koki: valvu ya boya kwenye tangi, ile inayofunga maji boya likipanda. Koki moja tu inatetemeka ukiifungua kidogo: mpira wake wa ndani umelegea. Mluzi: maji yanapenya mahali pembamba, mara nyingi geti valvu (ile ya kufunga bomba kwa kuzungusha gurudumu) iliyofunguliwa nusu. Tik-tik baada ya kuoga maji ya moto: bomba linatanuka na kusinyaa likisugua ukuta. Hilo la mwisho halina hatari.

2. Hewa. Fungua polepole koki iliyo juu kuliko zote, kisha nyingine, hadi maji yatoke bila kukatika.

3. Mpira wa koki. Funga valvu kuu, fungua kichwa cha koki, weka mpira mpya, kaza.

4. Klampu. Bomba linalocheza lishikwe kila sentimita 60 hivi. La maji ya moto usilibane sana, liachiwe nafasi ya kutanuka.

5. Valvu ya boya. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Tangi likikaribia kujaa, maji yanayoingia yanatengeneza mawimbi. Boya linapanda na kushuka, valvu inafunga na kufungua kidogo kidogo, na kila ikifunga inalipiga bomba. Ukuta wa tangi la plastiki nao unatikisika, basi nyumba nzima inavuma. Jaribio ni rahisi: wakati linavuma, nyanyua boya kwa mkono. Likinyamaza, umempata mwizi.

Dawa: punguza maji yanayoingia, funga bamba la chuma mahali bomba linapoingia ili ukuta wa tangi usicheze, kisha ning'iniza chini ya boya kopo la plastiki lililotobolewa, lizame majini. Kopo linalizuia boya kurukaruka. Kama valvu yenyewe imechakaa, weka mpya.

ONYO: kuna mafundi wanaounga bomba la mpira kutoka kwenye valvu na kuuzamisha hadi chini ya tangi. Kelele inaisha kweli. Lakini maji ya mtaani yakikatika, bomba linafyonza maji ya tangi lako na kuyarudisha kwenye mtandao, pamoja na uchafu wowote uliomo. Unaamka tangi tupu, na jirani anakunywa maji yako. Mdomo wa bomba ubaki juu ya maji. Nasisitiza sana hili.

6. Presha. Kila mita 10 za kushuka huongeza takribani baa 1 (baa ni kipimo cha presha), na mji wetu umekaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Pima kwa geji. Ikizidi baa 5, weka valvu ya kupunguza presha, uishushe hadi baa 3 hivi. Kazi yote iwe upande wa nyumba yako, baada ya mita. Mita na kabla yake ni mali ya mamlaka ya maji, usiguse.

7. Chumba cha hewa. Kipande cha bomba kilichosimama wima, kimezibwa juu, karibu na koki inayogonga. Hewa ya ndani inapokea kishindo. Baada ya muda hujaa maji na kuacha kufanya kazi. Funga valvu kuu, fungua koki ya juu na ya chini kabisa, maji yatoke yote, hewa irudi.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu, bomba langu linapiga kelele, nifanyeje?
Jibu: Kelele gani? Saa ngapi? Koki ipi? Anza na namba 1.

Mdau wa Sakina: Sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Basi mwite fundi aliye karibu nawe.

Dada wa Njiro: Shikamoo fundi. Kwangu kunagonga usiku tu. Kwa nini?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Usiku watu wamelala, koki za mtaa mzima zimefungwa, hivyo presha inapanda. Pima kwa geji saa nane mchana, pima tena saa nane usiku, ulinganishe. Ukitaka kununua valvu ya presha, fuata kipimo cha usiku.

Mwanafunzi wa ufundi: Kishindo kina nguvu kiasi gani?
Jibu: Kwenye bomba la chuma wimbi la presha linakimbia kama mita 1,200 kwa sekunde. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakizuiwa ghafla, yanaongeza takribani baa 12. La plastiki linatanuka kidogo, kwa hiyo kishindo ni kidogo zaidi, ila viungo vinaendelea kuumia. Mashine ya kufulia ndiyo hugonga kuliko zote, maana valvu yake ya umeme inafunga papo hapo.

Mdau wa Pasua: Wewe unataka tu watu waogope mpira wa kwenye tangi. Wangu una miaka na hakuna tatizo.
Jibu: Ndugu, tatizo linampata aliye kwenye bomba moja nawe, wewe hulioni. Utoe.

Mama wa Ngaramtoni: Hita yangu inanguruma kama sufuria inayochemka. Ni bomba?
Jibu: Hapana mama, mara nyingi ni chokaa iliyoganda kwenye kifaa cha kuchemshia. Zima umeme, subiri ipoe, fundi aisafishe.

Mama wa Ngaramtoni: Na floraidi ya huku kwetu, ile inayoharibu meno, nikichemsha maji inaondoka?
Jibu: Haiondoki. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, hivyo inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wadogo wapewe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa. Mkaa huo unachoka, uliza muuzaji unabadilishwa lini.