Kujua kilichobadilika kati ya orodha mbili kwa Python

Binamu yangu ana duka la vyombo Kariakoo. Kila jioni huandika bidhaa zilizobaki, moja kila mstari. Juzi akaniuliza: nitajuaje tofauti ya jana na leo bila kukodolea macho karatasi mbili? Nikamwandikia haya.

Hatua ya 1. Weka jana.txt na leo.txt kwenye folda moja na programu yako. Tumia Notepad. Word hapana.

Hatua ya 2. Soma mafaili.

```python
def soma(jina):
    with open(jina, encoding="utf-8-sig") as f:
        return [" ".join(m.split()).casefold()
                for m in f if m.strip()]

jana = soma("jana.txt")
leo = soma("leo.txt")
```

Usirukie hatua ya tatu. Hapa ndipo nilipokesha siku zangu za mwanzo: "sufuria" hii na "sufuria" ile, Python inashikilia kuwa ni tofauti! Kumbe kila mstari husomwa pamoja na alama ya mstari mpya, `\n`, na mstari wa mwisho wa faili mara nyingi hauna. Kwa hiyo sufuria ya katikati hailingani na sufuria ya mwisho. `print(m)` haikuonyeshi kitu. Andika `print(repr(m))` uone uchafu wote.

Wengi hutosheka na `strip()`. Mimi siiamini peke yake, maana husafisha ncha tu. "Sahani  kubwa" yenye nafasi mbili katikati inabaki vilevile. `split` na `join` humaliza yote. Halafu Notepad za kabla ya 2019, ukihifadhi kwa UTF-8, hubandika alama isiyoonekana, `\ufeff`, mwanzoni mwa faili. `strip()` haiigusi. Ndiyo maana ya `utf-8-sig`. Nayo `casefold` ni kwa wanaoandika "Sufuria" leo na "SUFURIA" kesho.

Hatua ya 3. Linganisha.

```python
zamani = set(jana)
for m in leo:
    if m not in zamani:
        print("mpya:", m)
```

Geuza jana na leo upate zilizoondoka. Usitumie `zip`, inayooanisha mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili: ukiongeza bidhaa moja juu kabisa, mistari yote ya chini inahama na kila kitu kinaonekana kipya. Ila seti haihesabu. Bidhaa ikiandikwa mara mbili ni moja tu. Ukitaka idadi, tumia `Counter` ya `collections`.

Binamu alipoendesha, akapata "mpya: bilika", na alipogeuza, birika ikawa imeondoka. Hiyo aliirekebisha kwa mkono, huku akimtazama kijana wake wa dukani.